Macho Meupe Katika Chupa ya Maziwa

Acheni ndizi mbivu mezani siku tatu, msizifunike. Siku ya nne njooni polepole, mkae karibu, mtazame. Wageni wameshafika bila hodi: vijidudu vya rangi ya asali vinaelea juu ya maganda yenye madoadoa. Ukipunga mkono vinatawanyika, ukishusha vinarudi. Mama zenu huvifukuza kwa kitambaa. Mimi nilivilisha kwa miaka mitatu, tena nikalipwa mshahara.

Chekeni tu. Hata nyumbani kwetu walicheka. Nikiulizwa nafanya kazi gani, nikajibu "nafuga inzi", watu walidhani nakwepa swali.

Kwanza tuwatenganishe inzi wangu na mwenzao mwenye sifa mbaya. Mkulima wa maembe wa Kilifi au Muheza akisikia "nzi wa matunda" anakunja uso, maana yeye anamjua mwingine, mkubwa zaidi, anayetoboa embe likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani. Ukilipasua unakutana na funza. Yule alitoka Asia, akagunduliwa Kenya mwaka 2003, na amewatia watu hasara kubwa. Wangu si huyo. Wangu hana ubavu wa kutoboa embe zima. Anasubiri tunda liive mno, lianze kuchacha, ndipo anakuja kula hamira inayoota juu yake. Ana urefu wa milimita tatu hivi na macho mekundu kama shanga. Wataalamu wanamwita Drosophila melanogaster, yaani mpenda umande mwenye tumbo jeusi. Jina zuri kuliko lile ambalo mama zenu wanamwita.

Na msidhani mdudu wa maabara lazima awe Mzungu. Huyu ni Mwafrika. Asili yake ni misitu ya kusini mwa bara letu, pande za Zambia na Zimbabwe, na huko mpaka leo ukimpa achague kati ya chungwa na tunda la mng'ongo, anakimbilia mng'ongo. Akazoea kuishi karibu na watu, akafuata vyakula vyao, akapanda merikebu pamoja na shehena za matunda, akaenea dunia nzima.

Tunakutana naye New York, mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia, chumba namba 613. Chumba kidogo, meza nane zimebanana, mashada ya ndizi yanachachia pembeni, harufu yake nawaachia mkadirie wenyewe. Mwenye chumba ni profesa Thomas Hunt Morgan, na inzi wake wanakaa katika chupa za maziwa. Inasemekana baadhi ya chupa hizo wanafunzi waliziokota milangoni pa watu asubuhi, wakiwa njiani kuja darasani. Mimi sikuwapo.

Siku moja, katikati ya maelfu ya inzi wa macho mekundu, akaonekana dume mmoja wa macho meupe. Mmoja tu. Inasimuliwa kwamba jioni Morgan alikwenda naye nyumbani ndani ya chupa, akamlaza kando ya kitanda, asubuhi akarudi naye kazini. Mkewe alikuwa amejifungua siku zilezile, na hadithi inasema Morgan alipofika hospitali, mzazi mwenyewe ndiye aliyeanza kuuliza: yule inzi anaendeleaje?

Morgan akamkutanisha na majike wa macho mekundu. Karibu watoto wote waliozaliwa, 1,237 kati yao, walikuwa na macho mekundu. Unaweza kudhani weupe umepotea. Akawaacha watoto wazaane wao kwa wao, kisha akawahesabu wajukuu mmoja mmoja: 3,470 mekundu, 782 meupe. Na hao 782 wote walikuwa madume. Jike wa macho meupe hakupatikana hata mmoja.

Hapo Morgan akakaa akafikiri. Kila kiumbe kama sisi au inzi anabeba maagizo ya mwili wake, yaani jeni, zilizopangwa ndani ya seli kwenye nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Inzi ana jozi nne tu za nyuzi hizo. Katika jozi mojawapo, jike ana kromosomu mbili za X, dume ana moja. Ikiwa agizo la rangi ya macho linakaa kwenye X, basi jike akipata lenye kasoro bado ana la akiba kutoka upande wa pili. Dume hana akiba. Anaonyesha alichopewa na mama yake. Kwa hesabu hiyo ya wajukuu, jeni ambayo zamani ilikuwa neno la vitabuni tu ikapata mahali pa kukaa, na miaka 23 baadaye Morgan akapewa Tuzo ya Nobel.

Dume yule alikufa mapema, kama inzi wote wanavyokufa. Macho yake meupe hayakufa. Yapo leo, yanatembea, yanataga. Yapo kwa sababu kila baada ya wiki chache, kwa zaidi ya miaka mia moja, kuna mtu amechukua chupa akaigeuza. Watu hao hakuna aliyewapa Nobel, na hao ndio ninaotaka kuwasimulia.

Ukitaka kuweka mbegu ya mahindi, unaikausha, unaitundika darini juu ya moshi, mwakani unaipanda. Bakteria unawagandisha kwenye jokofu kali, miaka kumi baadaye unawaamsha. Inzi hakubali. Ukimkausha amekufa, ukimgandisha amekufa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza njia ya kugandisha viinitete vyake na kuvifufua, lakini ni kazi ya ustadi na vifaa, na maabara nyingi bado zinategemea njia ya zamani: inzi awe hai, azae, watoto wahamishwe, nao wazae. Kila ukoo wenye kasoro yake ya pekee, macho meupe, mabawa mafupi, usingizi mbaya, una chupa yake na zamu yake. Fikirieni maktaba ambayo vitabu vyake vinakufa kila mwezi, na mtunza maktaba lazima avinakili vyote kabla havijafa.

Kazi yangu ilianza kwa sufuria. Chakula chao ni uji hasa: maji, unga wa mahindi, hamira, molasi, na aga, kitu cha kugandisha kinachotokana na mwani. (Si ule mwani unaolimwa na kina mama wa Paje, Zanzibar, ule ni jamaa yake, unatoa kitu kingine.) Unakoroga usishike chini. Ukishaiva unauacha upoe kidogo ndipo unatia dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ukiitia uji unatokota inapoteza nguvu. Kisha unamimina kwenye vichupa vyembamba, kimo cha vidole viwili, unafunika kwa shashi inzi wa mtaani wasiingie, unauacha ugande mpaka kesho. Mgeni akiingia wakati huo anauliza nani anapika.

Sasa angalieni mkono. Kichupa cha zamani kina inzi mia hivi, kichupa kipya kina uji tu, vyote viwili vimezibwa kwa pamba. Inzi akishtuka hupanda juu, hiyo ndiyo tabia yake, kwa hiyo ukifungua hovyo wote wanakutoka usoni. Unagonga kitako cha kichupa juu ya kipande cha mpira, tap, tap, inzi wote wanaanguka chini kama pilipili manga. Kabla hawajakumbuka kupanda, pamba imetoka, kichupa kipya kimekaa kichwa chini juu ya cha zamani, mdomo kwa mdomo. Unavigeuza pamoja, unagonga tena, inzi wanaangukia nyumba mpya. Ishirini au thelathini wakishahamia, pamba hii hapa, pamba ile pale. Mkono uliozoea unamaliza hayo ukiwa bado unatamka sentensi moja. Mkono wangu wa wiki ya kwanza ulijaza chumba inzi, na waliokuwa wakinywa chai walinitazama bila kusema kitu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

Kisha unaandika jina la ukoo na tarehe. Kichupa cha zamani hukitupi. Kina mayai, kila moja nusu milimita, na mabuu wanaochimba uji kama watoto kwenye mchanga wa pwani. Nyuzi joto zikiwa 25, yai linaanguliwa baada ya siku moja, buu anakula na kujivua ngozi, anapanda ukutani, anajifunga ndani ya ganda la kahawia kama punje ya ufuta uliokaangwa, na siku ya kumi anatoka mdudu kamili. Kwenye nyuzi 18 safari hiyohiyo inachukua karibu mara mbili, ndiyo maana koo zisizotumika huwekwa kwenye ubaridi, wazae polepole, mtunzaji apumue. Nyuzi zikizidi 30 madume wanakuwa tasa. Katika mji wetu wenye joto, umeme ukikatika mchana wa Februari, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama.

Na hapa kuna fumbo. Jaribuni kulifumbua kabla sijasema.

Baadhi ya kasoro zinaua. Inzi akipata nakala mbili za jeni mbovu, moja ya baba na moja ya mama, anakufa kabla hajakomaa. Akipata moja mbovu na moja nzima, anaishi kama kawaida. Watafiti wanazitaka sana kasoro hizo, kwa sababu jeni ambayo ukiiharibu kiumbe anakufa, bila shaka ina kazi kubwa. Sasa wewe mtunzaji utaufugaje ukoo huo? Wenye mbili mbovu wanakufa. Wenye mbili nzima wanastawi, wanazaana, na baada ya vizazi kadhaa chupa imejaa wazima. Kasoro yako imepotea, na hukuona ilipopotelea.

Dawa yake ni ya kijanja, na Hermann Muller, mmoja wa vijana wa chumba 613, aliueleza msingi wake mwaka 1918. Chukueni tungo mbili za shanga. Kwa kawaida kromosomu za jozi hubadilishana vipande, kama tungo mbili zinazopeana shanga mahali palepale. Mtafiti anaweka upande wa pili utungo ambao shanga zake zimepangwa kinyumenyume vipande vipande, hivyo kupeana hakuwezekani tena. Kwenye utungo huo kuna alama inayoonekana kwa macho, kwa mfano mabawa yaliyojikunja kwenda juu kama ncha za maganda ya ndizi. Na utungo huo nao unaua: inzi akipata mbili za namna hiyo, anakufa. Hesabuni: katika kila mayai manne, moja lina mbovu mbili, linakufa. Moja lina kinyumenyume mbili, linakufa. Yanabaki mawili, yote yana moja ya huku na moja ya kule, na yote yanatoa inzi wa mabawa yaliyojikunja. Kizazi kinachofuata vilevile, na kingine vilevile.

Kwa hiyo mtunzaji hahitaji kuona jeni. Anachungulia kwenye hadubini, anaona mabawa yamejikunja, anaziba pamba, anaendelea. Akiona bawa moja limenyooka, moyo unampiga.

Maadui wengine wana sura. Kuna ukungu. Kuna utitiri, jamaa wa ule unaowasumbua kuku, mdogo kama ncha ya sindano, unaotembea kutoka kichupa hadi kichupa na kula mayai. Inzi wakiletwa kutoka nje wanatengwa kwanza kama abiria wa meli yenye ndui. Lakini adui aliyenipiga mimi hakuwa na miguu. Nitamfikia.

Mwaka 1971, huko California, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walipata koo tatu za ajabu. Inzi wa kawaida anajua saa hata ukimweka gizani: huamka na kupumzika kwa mzunguko wa saa 24. Ukoo mmoja siku yake ilikuwa saa 19. Wa pili, saa 28. Wa tatu haukuwa na siku kabisa, walizunguka na kulala ovyo. Na kasoro zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja. Wengine walifuata uzi huo miaka mingi mpaka wakaelewa saa iliyo ndani ya mwili inavyofanya kazi, ndani ya inzi na ndani yenu pia, ninyi mnaogoma kuamka alfajiri. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wakapata Nobel mwaka 2017. Kati ya 1971 na 2017 kuna miaka 46. Kama inzi hao waligeuzwa mara mbili kwa mwezi, pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya mara 1,100, na wiki moja tu ya uzembe ingetosha kufuta zote.

Leo ghala kubwa kuliko yote liko Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani, lenye koo zaidi ya 70,000 hai. Sehemu ya mkusanyo huo inatokana na chupa za Columbia: Morgan alihama nazo kwenda California mwaka 1928, na miaka ya 1980 zikahamia Indiana. Mtafiti wa nchi yoyote anaagiza ukoo, wanamtumia kwa posta, inzi wakiwa wanakula uji wao njiani. Huko Kyoto, Japani, mtaalamu Syuiti Mori aliweka inzi gizani Novemba 1954 aone vizazi vitabadilikaje. Mori amefariki. Wengine walipokea chupa, wakaendelea kuwalea gizani, na ukoo huo umepita vizazi 1,400. Ukipiga hesabu kwa watu, hiyo ni kama kurudi nyuma miaka zaidi ya 30,000. Na kwetu huku, katika kampasi ya Ishaka ya Kampala International University, magharibi mwa Uganda, wahadhiri na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamekutana kwa mafunzo ya inzi hawa, wakisaidiwa na jumuiya iitwayo DrosAfrica. Inzi si panya. Hahitaji jengo la mamilioni. Mdudu ameondoka kusini, amezunguka dunia, amerudi jirani na nyumbani akiwa na shahada.

Sasa adui wangu.

Kesho yake ilikuwa Idd, nami nilikuwa na basi la kuwahi. Nilibakiwa na trei moja, vichupa sitini. Uji wa siku ile ulikuwa haujakauka vizuri, juu yake ulikuwa unang'aa maji, na niliona. Nikasema utakauka wenyewe. Nikageuza vyote sitini. Kisha, ili trei isijae, nikatupa vya zamani, vile ambavyo kila mtu alikuwa ameniambia nisivitupe mpaka vipya vionyeshe mabuu.

Niliporudi baada ya siku nne, koo nyingi zilikuwa salama. Moja haikuwa salama. Inzi walikuwa wamenasa kwenye uji wenye maji, mabawa chini, miguu juu. Ulikuwa ukoo wa mabawa yaliyojikunja, kasoro yake inaua, na mwenye utafiti alikuwa ameutengeneza kwa miaka miwili. Nakala yake ya pili tulikuwa tumeimaliza mwezi uliopita kwa sababu ya utitiri.

Nikakigonga kichupa polepole. Watatu wakatikisika.

Niliwatoa kwa ncha ya brashi ya rangi, nikawaosha kwa tone la maji, nikawalaza kwenye kichupa kipya kilichokauka, kichupa chenyewe nikakiweka ubavu wasidondokee chakula. Majike wawili, dume mmoja. Nikaenda kumwambia mkuu wangu. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Mabawa?" Nikajibu, "Yamejikunja, mwalimu." Akasema, "Basi subiri."

Siku ya pili dume alikuwa amekufa. Siku ya tano niliona mfereji mwembamba kwenye uji, kama njia ya konokono, kisha wa pili. Siku ya saba punje nne za ufuta ukutani. Siku ya kumi na moja nilikuja kabla ya mlinzi hajafungua geti, nikawalaza kwa hewa ya kabonidayoksaidi, nikawamwaga chini ya hadubini, nikawahesabu kwa brashi kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto nihakikishe.

19. Mabawa yote yamejikunja.

Nikawagawa katika vichupa viwili, nikaandika tarehe. Kile cha zamani nikakirudisha kwenye trei.